Kishikwambi cha Yule Mama

4 Februari

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Pokea salamu zangu, za baba watoto, na za mjukuu wako, ambaye ameanza shule na sasa anatuhubiria herufi nyumba nzima, mpaka paka amejua A. Baba watoto bado yuko na watu wa umeme, anapanda nguzo kutwa, na akirudi mabega yanamuuma hataki kusikia neno. Mimi nipo palepale duka la dawa, kaunta ileile, na bosi yuleyule anayetafuta miwani yake huku imemning'inia shingoni. Bati limetoboka juu ya jiko na fundi kila siku ni kesho. Wewe je? Simu za hospitali bado unazipokea wewe, au wamekupa msaidizi?

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Kipaza sauti cha simu yangu kimekufa, watu wananisikia kama mtu aliye ndani ya pipa. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Jambo lenyewe ni hili. Nina mteja wangu, mama wa makamo, mtu mwema. Macho yanamwishia. Daktari kamwambia yakishaondoka hayarudi. Amesikia vipo vishikwambi vinavyomsemea mtu asiyeona, vinamsomea barua na magazeti, na mimi nikamwambia mjomba wangu anacho. Sasa hajui anunue kipi, na anaona aibu kuuliza madukani. Anaogopa sana, mjomba. Asubuhi akiamka hafumbui macho mara moja. Anakaa kwanza, kwa sababu hajui leo atakuta kimepungua nini.

Naomba umshauri. Ila usimwambie mtu, ni siri yake.

Mpwa wako.

21 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Mimi mzima, goti tu ndilo linalonikumbusha umri. Simu za hospitali bado ni zangu. Wiki iliyopita mtu alipiga akitaka wodi ya wazazi, nikamwambia, "Hongera, mtoto wa kike?" Akaniuliza nimejuaje. Sikujua, nilibahatisha, lakini sasa hospitali nzima wanadhani mimi mganga. Mjukuu wangu mwambie nampenda na aendelee kuhubiri.

Barua yako ilinipa kazi. Kishikwambi changu kinasoma maandishi ya chapa, mwandiko wa mkono kinababaika. "Shikamoo" yako kilisoma "shika moto". Nikamwomba dada wa mapokezi anisomee. Alisoma mpaka mwisho, lakini alikuwa akisimama simama. Inayofuata nenda kaipige chapa mahali, nitaipiga picha kinisomee mwenyewe, tusiwe na mtu wa katikati.

Sasa huyo mama. Mwambie asikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Wauzaji wanauza kwa macho: rangi, wembamba, picha kali. Hayo kwake ni kelele. Akifika dukani aombe kitu kimoja tu, wakiwashe kile kinachosoma skrini kwa sauti. Vingi vinacho ndani tayari, hakiuzwi kando. Kisha afumbe macho na aguse. Kila anachogusa kitajwe. Kidole kimoja hakivunji chawa, na humo pia kidole kimoja ni cha kusoma tu. Ili kufungua kitu unagonga mara mbili, na kusogeza ukurasa unatumia vidole viwili au vitatu. Mwanzoni atakasirika. Mimi nilikitupa kitandani mara nyingi, nashukuru tu kitanda hakikuwa mbali.

Asikilize kama sauti inajua Kiswahili. Yangu inakisema kama mgeni aliyefika jana, lakini tunaelewana. Apapase kama vitufe vya pembeni vinapatikana bila kutafuta, na kama kuna kitufe cha mviringo pale chini mbele. Vipya vingi havinacho, na wengine hawakihitaji, lakini mtu mwenye hofu anataka mahali pa kurudi. Asichukue cha zamani mno kisichopokea tena programu mpya. Na asichukue kikubwa kwa ajili ya maandishi makubwa kama maandishi hayo atayaona mwaka mmoja tu.

Ndiyo maana nina maswali. Je, jioni haoni kabisa au anaona kidogo? Anajigonga kwenye vitu vya pembeni huku vya mbele anaviona? Na anafanya kazi gani? Hukuniambia.

Mjomba.

17 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima, isipokuwa nilijiunguza mkono kidogo kwenye sufuria, si kitu. Mjukuu wako amepata zawadi ya kusoma kwa sauti, tukamnunulia viatu vyekundu, analala navyo. Baba watoto ananilaumu siku hizi napika mapema mno, chakula kinapoa kabla hajarudi. Nimemwambia gesi jioni inakuwa na presha ndogo. Amecheka akasema gesi haina saa. Bati bado linavuja.

Hii nimepigiwa chapa na kijana wa duka la fotokopi, nikimtajia maneno. Kwa hiyo nisamehe kama siandiki kila kitu.

Tulikwenda na yule mama kutafuta kishikwambi. Duka kubwa, taa nyingi, vimepangwa mezani vimefungwa kwa nyaya kama mbuzi wa mnada. Muuzaji alikuwa mchangamfu. Akaanza: hiki picha zake kali, hiki chembamba kama kadi. Yule mama akamwambia anataka kinachosoma skrini, kwa ajili ya mtu asiyeona. Muuzaji akacheka, si kwa ubaya, akasema, "Kipofu na kioo, wapi na wapi? Mchukulieni redio."

Tukamng'ang'ania. Akatafuta kwenye mipangilio, akakosa, akamwita mwenzake, mwenzake akakiwasha. Kikaanza kusema haraka haraka, Kiingereza kitupu, kama mtu anayekimbizwa. Wao wenyewe wakashindwa kukizima, maana kikishawashwa kugusa kwa kawaida hakufanyi kazi. Watu wakageuka kututazama. Yule mama akafumba macho kama ulivyosema. Kidole changu kikateleza juu ya kioo, juu, chini, hakuna alama, hakuna ukingo, baridi tupu, na sauti ile inataja vitu visivyojulikana viko wapi. Alihisi kama amefungiwa mahali na mlango haupo. Akatoka mbio, akamgonga mtu mlangoni.

Sasa anasema hataki tena. Afadhali akae na macho aliyonayo mpaka yaishe.

Maswali yako: jioni haoni. Pembeni haoni. Kazi yake sijui, sijamuuliza.

Mpwa wako.

2 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Pole na mkono. Viatu vyekundu vya mjukuu wangu vimenifurahisha kutwa. Huku hakuna jipya, isipokuwa wamepaka rangi ukumbi na kila mtu ananiuliza kama nimependa.

Mwambie huyo mama kioo kile na mimi kilinitia hofu. Nilikuwa nimeshazoea kutoona, nilijua nyumba yangu, njia yangu, meza yangu ya simu yenye vitufe. Mtu akaniwekea mapajani kitu laini kisicho na mwanzo wala mwisho. Nilitokwa na jasho. Hofu ile si ujinga. Vidole vinatafuta pa kushika.

Dawa yake ni hii: asijifunzie dukani mbele za watu. Na asianze na vyote. Kona ya juu kushoto tu, siku nzima. Kila kioo kina kona, na kona haihami. Kutoka hapo, asogeze kidole kimoja kulia kwa mkwaruzo mfupi, na kitamtajia kitu kimoja kimoja kwa mpangilio, hata bila kujua kilipo. Hapo ndipo mimi nilipoanza kupumua. Sauti inapunguzwa mwendo. Kiswahili kinachaguliwa. Hawa wauzaji hawakuwa wabaya, hawakujua tu.

Lakini kuna jambo kubwa kuliko kishikwambi. Kama kazi ya huyo mama inahitaji macho, na watu wengine wanategemea macho hayo, aiache kesho asubuhi. Si mwezi ujao. Kesho. Mwambie nimesema hivyo, na kwamba sitamwuliza kwa nini hakuiacha jana.

Mjomba.

11 Mei

Mpwa wangu,

Sijapata jibu lako. Nimepiga simu yako, inaita mpaka inakata. Nimempigia mumeo kazini. Alikuwa juu ya nguzo, akasema nyote wazima, kisha akaniuliza, "Kwani kuna nini, mjomba?" Nikamwambia hakuna, nimewakumbuka tu. Sikusema lolote, kwa sababu hukuniambia lolote. Lakini nilisikia sauti yake ilivyobadilika, na najua sasa na yeye halali.

Mimi hapa mezani kila simu ikilia naweka mkono na kusita. Miaka yote hii sijawahi kuogopa simu. Siogopi kusikia umekuwa huoni. Hilo mimi ninaliishi, nakula nalo, nacheka nalo. Naogopa kusikia limemkuta mtu mwingine kwa sababu yake. Umenielewa.

Andika hata mstari mmoja. Kwa mkono, kwa chapa, kwa mkaa ukutani.

Mjomba.

9 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu. Ninaandika kwa mkono, kwa kalamu nene ya kuandikia maboksi, dada wa mapokezi anisamehe. Na asome yote, usimzuie popote.

Yule mama ni mimi.

Barua yako ya Aprili niliipata. Nilijisomea kidogo kidogo, kila neno limekaa kwenye tundu dogo la kuonea, na nilipofika kwenye "kesho asubuhi" nikaikunja. Nilijiambia nimalize mwezi. Kisha nikajiambia mwingine. Dukani nilikuwa nimeshajipangia: najua kila dawa ilipo kwenye rafu, natoa kwa mazoea, nasoma lebo nikiwa nimeipa kaunta mgongo. Asubuhi nilikuwa naona vizuri tu, mbele kabisa.

Kisha ikaja siku moja, jua lilikuwa linakaribia kuzama na bosi hakuwa amewasha taa. Akaja mama mmoja mshona nguo, yule wa nyuma ya mafundi viatu. Mwanaye mdogo ana kikohozi. Nikampa chupa, nikamweleza kijiko kidogo asubuhi na jioni, akaondoka. Haukupita muda, mwenzangu wa kaunta akaniuliza, "Ile dawa ya usingizi ya watu wazima, chupa ilikuwa imebaki moja hapa. Umeihamisha?"

Mjomba, nilinyoosha mkono kwenye rafu, mahali pa dawa ya kikohozi ya watoto. Zilikuwa zimejaa, hakuna pengo. Ya mtoto sikuwa nimeitoa.

Nilitoka mbio bila kuvua koti la kazi. Mwenzangu nyuma ananiita, sikugeuka. Nje giza lilikuwa linaingia, na wewe unajua giza linafanya nini kwa macho yetu. Barabara niliyoipita miaka yote ikawa kipande cha lami kilicho mbele ya viatu vyangu, na pande zote ukuta mweusi. Nilimgonga muuza vitabu, vikamwagika. Gari likapiga honi karibu sana nikasikia joto la injini. Nikakata kona ya mafundi viatu mapema mno, nikaingia mtaroni mpaka magotini, kiatu kikabaki humo. Nilikuwa napiga kelele, "Mama mshonaji! Mama mshonaji!" na sijui nimeelekea wapi. Mtu mmoja akanishika mkono akanipeleka. Sikumwona uso.

Nilimkuta na kijiko mkononi. Mtoto analia, kidevu kimelowa. Nikamwuliza, "Amemeza?" Akasema, "Cha kwanza amekitema. Ndiyo nampa kingine." Nikakipiga kijiko kile kikaruka. Hata mkono wake niliupiga, mjomba. Mama wa watu.

Tulikwenda zahanati, hatukujua ametema chote au nusu. Walitukalisha kwenye benchi na kutuambia tusimwache asinzie. Mama yake akamchekesha, akamwimbia, akamfinya. Kila kope za mtoto zilipoteremka, na mimi roho ilinishuka nazo. Mimi ndiye niliyekuwa nikiulizwa na mama yake kila mara, "Anaangalia? Unaona kama anaangalia?" kwa sababu alikuwa amempakata kifuani amenielekezea uso wake. Na mimi nilikuwa siuoni. Taa ya pale ilikuwa hafifu.

Hapo ndipo nilipomwambia, "Sioni." Akadhani sijamsikia. Nikarudia, "Mama, mimi sioni. Ndiyo maana nilikupa chupa ile." Alihama akakaa mwisho wa benchi.

Daktari alikuja mara tatu na ya mwisho akasema mtoto hana neno, kimemfika kidogo sana kama kimemfika. Mama yake alilia. Mimi hata kulia nilishindwa. Baba watoto alifika na bosi, wamenitafuta kila mahali, na ndipo wakasikia yote pamoja, palepale ukumbini, bosi ameshika kiatu changu kimoja.

Kaunta sina tena. Bosi hakunitukana. Alisema tu, "Ungeniambia." Nyumbani baba watoto alikwenda jikoni, akapanda akaziba lile bati. Nilimsikia anapiga misumari na kuvuta kamasi.

Naogopa kila kitu sasa. Naogopa hata kummiminia mtoto wangu chai.

Mpwa wako.

27 Juni

Mpwa wangu,

Dada wa mapokezi alisoma yote. Alipomaliza alifunga mlango wa ofisi, simu zikalia bila mtu. Wenye wodi wakaja kutazama kama nimekufa.

Nilijua tangu barua ya kwanza. Nilipomwuliza dada huyo kwa nini anasimama simama, aliniambia, "Mistari yake inapanda juu ya mingine, na pembeni maneno yanaanguka nje ya karatasi." Kisha ya pili ukasema yule mama amefumba macho, kidole chako kikateleza. Nilingoja useme mwenyewe. Mficha maradhi kilio humfichua, nililijua hilo, na bado nilitaka kukupa heshima yako kwanza. Kilio kimepita karibu na mlango. Tumshukuru Mungu kwa mtoto aliyetema.

Lipo ambalo na mimi sikukwambia. Mama yako, dada yangu, hakuwahi kutoka jioni. Unakumbuka? Mlidhani anaogopa wezi. Aliniambia mimi peke yangu kwamba gizani haoni, akaniapiza, na akafa kabla upofu haujamfika kama ulivyotufika mimi na wewe. Maradhi yako hayakutoka hewani. Yamepita njia ya ukoo.

Sitakwambia usiogope. Nitakwambia hofu ina kazi yake, na siku ile ndiyo iliyokukimbiza. Sasa ipe kazi nyingine. Rudi ukachague kishikwambi, siyo cha "yule mama". Mchukue mumeo. Omba wakuwekee pembeni, kwenye kiti, kwa utulivu. Ukitoka jasho, kaa nalo.

Mjomba.

30 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Pole kwa goti, nimesikia limevimba. Baba watoto anakusalimu, anasema akipata likizo atakuja kukurekebishia waya wa sebuleni. Mama mshonaji hajarudi dukani, anapita upande wa pili wa barabara. Nilimpelekea salamu za kumjulia hali mtoto wake kupitia fundi viatu. Hajajibu, na sina haki ya kumdai jibu.

Tulikwenda. Duka lilelile, muuzaji yuleyule. Baba watoto akamwambia, "Mke wangu haoni vizuri na macho yanaendelea kuisha. Tunataka kiti." Alivyosema wazi vile, mbele za watu, nilitaka sakafu inimeze. Muuzaji akaleta kiti. Akasema tangu siku ile alijifundisha kukiwasha na kukizima, aibu ilimtuma.

Walinipa vitatu. Cha kwanza chembamba, kizuri, hakina kitufe mbele. Nilikipoteza kila nilipokiweka mapajani, sikujua juu ni wapi. Cha pili sauti yake ya Kiswahili ilikuwa nzuri kuliko vyote, inatamka kama mtangazaji, lakini kilikuwa kizito mkono ulichoka, na muuzaji mwenyewe akakiri ni cha zamani, programu mpya hakipati. Cha tatu kinene kidogo, kina kitufe cha mviringo chini, vitufe vya sauti vimeinuka, tundu la chaji nililipata kwa kucha mara ya kwanza. Kiswahili chake kama cha kwako, mgeni wa jana. Nikafumba macho. Kona ya juu kushoto. Kidole kilirukaruka mpaka kikasoma vitu viwili kwa pamoja. Jasho lilinitoka, nikakaa nalo. Kikataja saa. Kikataja chaji. Kikataja jina langu, baba watoto alikuwa ameliandika bila kuniambia. Tulikichukua hicho.

Barua hii nimeiandika mwenyewe humo, macho yamefungwa kitambaa, herufi moja moja ikitajwa. Makosa yote ni yangu. Bosi amesema nikiweza kukitumia kuagiza dawa kwa simu na barua pepe atanijaribu ofisini, mbali na chupa, na mtu wa pili akihakiki. Amesema kujaribu. Sijui.

Na sasa nikwambie lililonifanya niandike leo.

Juzi magharibi nilikuwa nimekaa sebuleni najifunza, mjukuu wako anacheza sakafuni na penseli zake za rangi. Moja ikamponyoka. Nikaisikia inagonga saruji na kubiringika kidogo, ikasimama karibu na mguu wake. Nikaendelea na yangu. Kisha nikasikia viganja vyake. Anapapasa. Anapapasa huku, anapapasa kule, sakafu nzima, polepole, kama mimi ninavyotafuta kijiko. Nikamwambia, "Iko hapo mbele yako." Akasema, "Wapi, mama? Washa taa."

Taa, mjomba, ilikuwa inawaka. Hata mimi niliiona.

Nilizima sauti ya kishikwambi. Mkono ulienda wenyewe mdomoni, kunizuia kusema. Nilimsikiliza mpaka akaipata, akafurahi, akaendelea kuchora. Nilijua mama yangu angefanya nini: angeficha, kama nilivyoficha mimi mwaka mzima.

Baba yake alipofungua mlango, hata hajavua mkanda wa kazi, nikasimama nikamwambia hapohapo. Alikaa chini mlangoni. Halafu akamwita mtoto, akamwambia, "Njoo unioneshe ulichochora," na mtoto akaja akiwa amenyoosha mikono mbele.

Kesho tunakwenda kwa daktari wa macho, sote watatu.

Mpwa wako.